Karatasi ya Arobaini na Moja

Ndugu waombolezaji, majirani zetu, na ninyi mliotoka chuoni, kabla ya kusomwa tarehe hata moja familia inawaomba mkione chumba kimoja. Ni chumba cha mwisho kwenye ghorofa ya chini ya jengo la zamani la chuo kikuu, chenye dirisha linalotazama mahali pa kuegesha baiskeli, na meza ya mbao iliyowekewa karatasi iliyokunjwa chini ya mguu mmoja ili isiyumbe. Juu ya meza kuna bahasha juu ya bahasha, nyingine zimelowa mvua njiani, zikakauka na kujikunja, na nyuma yake ameketi mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye kabla ya kutazama jibu lolote la hisabati anasoma kwanza anuani ya aliyeandika, taratibu, kama mtu anayempokea mgeni mlangoni. Huyo ndiye tunayemzika leo.

Marehemu alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 14 Machi 1958, katika hospitali ya mji mdogo wa reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa baba fundi seremala na mama mkunga. Utotoni alikuwa mpole, lakini mwenye kushikilia jambo, na wadogo zake wanakumbuka kwamba ukishindwa kufunga kamba za viatu hakukufungia, alikaa chini kando yako hata kama kengele ya shule imeshalia, akakuangalia ukijaribu mpaka uweze. Ni yeye aliyemfundisha mdogo wake wa kiume kusoma saa, na familia inamwomba radhi marehemu kwa kuwa mwanafunzi wake huyo hata leo amefika hapa wakati viti vimekwisha.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, akaendelea na sekondari ya wasichana ya bweni hadi mwaka 1975, kisha akajiunga na chuo cha ualimu na kuhitimu tarehe 2 Desemba 1977. Mwezi uliofuata alipangiwa darasa la pili katika shule ya msingi, lenye watoto sitini na wanne na madawati ishirini. Alipenda kazi hiyo, lakini alitamani kufika chuo kikuu, na kwa kuwa hakuwa na nafasi ya kurudi darasani, alisoma masomo ya juu ya sekondari kwa njia ya posta, akiandika majibu yake jioni watoto wakishaondoka. Zoezi lake la kwanza lilirudi baada ya miezi minne, na alipofungua bahasha alikuta hamsini na mbili imeandikwa juu ya ukurasa, basi, hakuna neno jingine. Hakujua amekosea wapi, wala kama aliyesahihisha alikuwa mtu mzima, kijana, mgonjwa au mwenye haraka. Aliwahi kumwambia dada yake kwamba siku hiyo alijisikia kama mtu aliyebisha hodi, mlango ukafunguliwa, ukafungwa, na hakuona uso.

Aliingia chuo kikuu Oktoba 1981, akahitimu shahada ya hisabati na elimu tarehe 23 Juni 1984, akapangiwa kufundisha sekondari. Hapo ndipo mpima ardhi mmoja alipokuja kupima kiwanja cha shule, akakokotoa eneo lake ubaoni mbele ya wanafunzi wa kidato cha tatu, na marehemu akanyoosha kidole kama mwanafunzi, akamwomba kwa adabu arudie mstari wa pili. Mpima ardhi alirudia mstari, kisha akarudi shuleni mara saba kupima kiwanja ambacho hakikuwa kimeongezeka. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 21 Desemba 1985, na shemeji yetu huyo, ambaye ameketi hapa mbele, husema kwamba miaka thelathini na minane amekuwa akirudia mstari wa pili na hajajuta. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 3 Novemba 1986, ambaye ni muuguzi, na mtoto wa kiume aliyezaliwa tarehe 19 Juni 1990, ambaye ni fundi wa mitandao ya kompyuta, na wajukuu watatu waliomwita Bibi Penseli.

Tarehe 1 Februari 1988 marehemu aliajiriwa na chuo kikuu katika idara ya masomo kwa njia ya posta, na hapo ndipo wanafunzi walipomwita Mwalimu wa Pembeni, kwa sababu pembeni mwa kila ukurasa aliandika kwa penseli ya kijani, hapa umefikiri vizuri, hapa umechoka, rudia kesho, je, mtoto amepona? Alikuwa na kanuni moja ambayo hakuivunja, kwamba alama hazitoki siku zilipoandikwa, lazima zilale, azisome upya asubuhi akiwa na macho mapya, kwa kuwa alihofia hasira ya siku moja isimwadhibu mtu kwa mwaka mzima. Na kwa miaka yote hiyo, tarehe ya mwisho wa kazi ilikuwa ni mtu, mkuu wa idara akigonga mlango na kumuuliza, Mama, bado? Naye akimjibu, zimelala, kesho.

Bahasha ya mwisho ilifika Ijumaa, tarehe 27 Juni 2014, na kuanzia tarehe 1 Septemba mwaka huo masomo yote ya idara yakahamia kwenye mtandao. Tusiseme kwamba marehemu aliuchukia. Aliona kwamba mwanafunzi aliyengoja miezi minne sasa angeweza kujibiwa siku ya nne, na wanafunzi mia tisa wa idara wakawa elfu sita, wengi wao watu ambao bahasha isingewafikia kamwe. Alijifunza kwa mtoto wake wa kiume, kila Jumapili mezani, akiandika hatua moja moja kwenye daftari, na kijana alimtania kwamba kipanya hakigongwi kama mlango wa jirani, naye akamwambia asubiri, kwani kijana mwenyewe alichukua wiki tatu kujua kushoto na kulia kwa viatu vyake. Kilichomsumbua kilikuwa kimoja, kwamba anuani zilitoweka. Sasa kila mwanafunzi alikuja na namba yenye tarakimu tisa, na marehemu alitafuta uso kwenye kioo cha kompyuta asiuone.

Ijumaa ya tarehe 17 Mei 2019, saa sita mchana, alimaliza kusahihisha mazoezi arobaini na moja, akabofya kitufe cha kuhifadhi, akaacha kile cha kuwasilisha, akafunga kompyuta na kwenda nyumbani, kwa maana alama lazima zilale. Mfumo haukugonga mlango. Saa kumi kamili jioni, mwisho wa muda wa kuwasilisha, ulifunga, na Jumamosi asubuhi alipofungua kwa macho mapya alikuta sifuri arobaini na moja, zimepangwa moja chini ya nyingine, na wanafunzi walikwisha kuziona.

Alikwenda chuoni Jumatatu kabla wafagiaji hawajafika, akakiri kosa lake kwa maandishi. Alijibiwa kwamba kwa utaratibu mwalimu hawezi kubadilisha alama iliyofungwa, mwanafunzi mwenyewe ndiye anayepaswa kuomba, kupitia mtandao, ndani ya siku ishirini na moja. Wanafunzi arobaini waliomba, wakarudishiwa alama zao. Mmoja hakuomba. Kwa kuwa ilikuwa mara yake ya pili kupata alama hafifu, mfumo ulimwondoa masomoni, na akaunti yake ikafungwa. Marehemu alijua mambo mawili tu juu yake, ile namba yenye tarakimu tisa, na mstari alioandika juu ya zoezi lake, kwamba anaomba radhi kwa kuchelewa, yeye ni fundi cherehani na sare za shule zimembana.

Mkuu wa kitengo cha kompyuta, kijana mwenye heshima, alimwonyesha kumbukumbu zote na kumwambia, "Mama, mfumo haujakosea. Umefanya ulichoambiwa."

Marehemu akamjibu, "Basi aliyekosea ni mimi, na mimi nina jina na ofisi. Niliyemkosea ana namba tu. Sasa nimwombe radhi nani?"

Kijana yule amesema mbele ya familia juzi kwamba alirudi kwenye kiti chake akakaa bila kufanya kazi mpaka saa ya chakula.

Kuanzia hapo marehemu alimtafuta fundi cherehani wake. Akaunti ilipofungwa jina lilifutika, ikabaki namba ya simu tu kwenye kumbukumbu, nayo haikupatikana kwa miezi mitano, akaipiga kila Jumamosi, na ilipopatikana ilikuwa imeshapewa mtu mwingine, dereva wa lori, ambaye mara ya kwanza alimkatia, mara ya pili akamsikiliza, na baadaye akawa akipokea kwa kusema, "Shikamoo Mama, bado sijawa fundi cherehani." Dereva huyo alisimamisha safari yake na yupo hapa nasi, nyuma kule, na familia inamshukuru. Marehemu aliingia pia kwenye maduka ya nguo za shule ya kila mji aliofika kikazi, akauliza, akacheka na mafundi, akatoka na kitambaa asichokihitaji. Na kila Jumatano aliandika ujumbe mfupi katika ukurasa wa somo, akimwita fundi huyo kwa namba yake, akimweleza kosa halikuwa lake, kwamba kazi yake ilisomwa yote, na kwamba atafunguliwa mlango.

Mwezi Agosti 2020, wakiwa mezani Jumapili, mtoto wake alitazama ukurasa huo, akamweleza polepole kwamba aliyefungiwa akaunti haoni kitu humo, na ujumbe ule ni sawa na kutumbukiza barua ndani ya kabati lako mwenyewe.

"Kwa hiyo hajasoma hata mmoja," marehemu akasema.

"Hata mmoja, Mama."

Zilikuwa jumbe hamsini na nane. Marehemu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa, kisha akamwomba mtoto wake amwonyeshe jinsi ya kuandika hoja ya kupeleka kwenye seneti ya chuo, kwa kuwa hajawahi kuandika moja kwa kompyuta na hataki ichelewe.

Hoja hiyo ilikataliwa mara mbili, kwa maelezo kwamba wanafunzi ni wengi na simu ni kazi ya mikono. Ilipitishwa mara ya tatu, tarehe 12 Novemba 2021, na tangu siku hiyo katika chuo chetu hakuna mwanafunzi anayepewa sifuri au kuondolewa masomoni mpaka mtu mwenye sauti ampigie simu, kila mwanafunzi huandikisha pia jina na simu ya ndugu au jirani, na mwalimu aliyekosea anaweza kusahihisha kosa lake mwenyewe. Wafanyakazi wanaiita Simu ya Mama. Anayeisimamia ni yule yule mkuu wa kitengo cha kompyuta, na anatuambia kwamba mpaka wiki iliyopita watu mia tatu na kumi na tisa walikuwa karibu kupotea, wakapigiwa, wakabaki. Chini ya kanuni hiyo, tarehe 6 Desemba 2021, marehemu aliingiza kwa mkono wake alama ya karatasi ya arobaini na moja, na nafasi ya fundi cherehani ikafunguliwa. Ila yeye mwenyewe hakujua, na hakukuwa na njia ya kumjulisha.

Marehemu alistaafu tarehe 14 Machi 2023. Mwezi Agosti mwaka huo alianza kusumbuliwa na maumivu ya tumbo, na tarehe 5 Oktoba madaktari walituambia kwamba ni saratani ya kongosho. Alifanyiwa upasuaji, akapata nafuu miezi mitatu, akawasimamia wajukuu kazi zao za shule akiwa amelala ubavu, kisha nguvu zikamwishia. Katika wiki zake za mwisho hakuulizia pesa wala mazishi. Alimwuliza mtoto wake, kila alipoingia wodini, kama kuna aliyepiga simu kuhusu fundi cherehani, na kijana wetu, ambaye kamwe hakuwahi kumdanganya mama yake, alisema bado, Mama, huku akimshika mkono. Alifariki dunia Alhamisi, tarehe 8 Agosti 2024, saa tatu asubuhi, binti yake akiwa kando ya kitanda, mumewe akiwa njiani na chupa ya uji.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, waliokuwa wakimwamsha kwa jina na si kwa namba ya kitanda, jambo ambalo wao huenda waliliona dogo. Tunawashukuru majirani waliotupikia na kulala nasi chini siku zote hizi, wafanyakazi wenzake wa idara, uongozi wa chuo, na wanafunzi waliosafiri kutoka mbali, wengi wao wameshika karatasi zenye maandishi ya kijani. Hatuwezi kumtaja kila mmoja, pokeeni asante yetu.

Nawe mama yetu, dada yetu, mwalimu wetu, kazi imetosha, weka penseli chini, pumzika kwa amani aliyokuandalia Mungu.

Mkitoka hapa mtasahau tarehe hizi, na si kosa. Tunawaomba mkumbuke jambo moja tu. Popote mtakapopeleka nguo kushonwa, mkikutana na fundi aliyeacha hisabati mwaka 2019 kwa sababu alionyeshwa sifuri, mwambieni kwa upole kwamba alipata sabini na moja.