Uchachu Ulio Ndani ya Mabuyu

Nawasalimu nyote mliofiwa mliokusanyika hapa, hasa wale ambao hakuna aliyewajulia hali tangu matanga yaishe.

Mimi niliacha shule mapema, lakini maswali hayakuniacha. Nimehamahama sana, leo mjengo, kesho mitumba, nikichungulia kila kazi ya watu. Aliyenituliza ni mke wangu, kule Sarang'ombe, Kibera.

Utotoni sote wawili tulipenda mabuyu, yale mekundu yanayokupaka ulimi rangi. Tulipokua, mimi nilibaki na sukari. Yeye alibadilika. Chai alikunywa bila sukari, na mabuyu aliyanyonya haraka ili utamu uishe, afikie uchachu. Mimi nilikula utamu, nikatema kokwa.

"Wewe mzee, utakua lini?" aliniuliza, akigongesha kokwa kwenye meno.

"Afadhali mimi. Wewe unakula mti."

Kisha akafa. Ndugu zangu, nawaambia, tuliporudi kutoka kumzika ushago, kijijini, nilijipikia chai, nikatia sukari, nikanywa. Nikasikia nyuma yangu: ko, ko, ko. Kokwa kwenye meno. Nikageuka. Kitanda tu, na leso yake msumarini.

Ikawa hivyo kila utamu ulipogusa ulimi. Nikaacha sukari. Nikaacha mandazi. Mwishowe hata ugali, kwa sababu ugali nao, ukiutafuna sana, una utamu wake. Jaribuni mkifika nyumbani. Suruali zikaanza kuniteremka. Nikahamia huku Gatina nikidhani sauti itabaki Kibera. Tulihama wote.

Katika ploti niliyopanga chumba kulikuwa na mama anayepika mabuyu ya kuuza. Nilisimama mlangoni kwake nikimuuliza maswali: mbona sukari haiungui, rangi unatia saa ngapi. Akachoka.

"Onja, uache kunihoji."

"Mama, mimi kitu tamu hakipiti."

"Ndiyo maana nakutaka wewe. Watoto wangu kila sufuria wanasema ni tamu. Kwao hata mwiko ni mtamu. Nataka wa kuniambia kama uchachu umebaki."

Niliogopa, nawaambia ukweli. Nikaweka moja mdomoni. Sauti ikaanza mgongoni kama kawaida. Nilitaka kutema, lakini mama ameshika mwiko, ananitazama. Sukari ikaisha. Ukaja uchachu, taya zikabana, mate yakajaa, na hapo ndipo nikajua mke wangu alikuwa akifuata nini miaka yote ile. Nikalizungusha kokwa. Likagonga meno. Nikasikiliza. Nyuma kumenyamaza, aliyekuwa akigonga ni mimi.

"Eh? Iko aje?"

"Sukari imezidi," nikasema, machozi yakanitoka.

Mama alifunika sufuria, akanipakulia ugali na sukuma. "Kula kwanza. Kulia na njaa ni kazi mbili." Nikala sahani yote.

Sitawadanganya kwamba mke wangu hajarudi. Huja. Lakini nakula, na mwili mnauona. Namshukuru mama yule, ambaye nikitaja jina lake hapa atanikasirikia, na ninyi mlionikalisha nilipokuja nikiwa mifupa.

Nawe uliyekaa kule nyuma, chai yako imeganda utando. Tunajua. Usijilazimishe kupenda ulivyopenda mkiwa wawili. Ulimi wa wakati ule umezikwa naye. Tafuta kitu kingine unachoweza kumeza, hata kama ni kichachu, hata kama ni kidogo. Umeze. Sisi tutakaa hapa mpaka umalize.