Sukari ya Dumu la Pili

Ndugu waombolezaji, familia imenipa mimi, mdogo wake marehemu, karatasi hii niisome, nami nitaisoma yote, ila kuna mahali nitaongeza jambo ambalo hata shemeji yangu, mjane wake, halijui, maana nimekaa nalo miaka thelathini na saba na nisipolisema leo sitalisema tena.

Kaka, ambaye wengi mlimwita Taratibu, alizaliwa tarehe 3 Machi 1958, akasoma shule ya msingi nyuma ya stesheni kuanzia 1965 hadi 1971, kisha sekondari hadi 1975, ambako mwalimu wa hesabu alimkuta zaidi ya mara moja amefungua saa ya ukutani ya darasa. Januari 1976 alianza kazi ya ufundi saa, akakalia benchi lilelile miaka arobaini na minne.

Jumamosi alikuwa akipika bia chumba cha nyuma, bila haraka yoyote: povu likitulia aliihamishia kwenye dumu la pili, akachemsha sukari na maji, akaiacha ipoe, akaimimina ili hamira ipate chakula tena, kisha akafunga uzi mwekundu shingoni mwa dumu, alama kwamba sukari imeshawekwa, asije mtu akaongeza.

Agosti 1986 alipika ya sherehe yake ya uchumba. Mimi, kwa kujifanya mjuzi, niliweka sukari asubuhi na uzi nikausahau, naye jioni akakuta shingo tupu, akaweka yake. Tulipoziba chupa hamira ilikuwa bado inachapa kazi, na tarehe 23 zikapasuka chini ya meza moja baada ya nyingine, baba yake shemeji akalowa suti nzima, akasema asiyejua kupima sukari hawezi kutunza nyumba, ndoa ikaahirishwa miezi kumi na mitatu. Kaka alisema amekosea kupima. Mimi nikamwacha abebe lawama yangu.

Ndoa ilifungwa tarehe 26 Septemba 1987, wakajaliwa watoto watatu, na miaka yote hiyo shemeji hakumwachia kaka kijiko cha sukari, hata cha chai alimtilia mwenyewe, huku akimcheka.

Mei 2021 figo zilianza kumsumbua, na Novemba 2023 alilazwa. Tarehe 9, pale wodini, nilimwambia ukweli. Kumbe alijua tangu siku ya pili, maana aliikuta sufuria yangu yenye sukari, sikuwa hata nimeiosha. Nikaomba nimweleze shemeji, akakataa, akasema nisubiri hadi aondoke, kwa sababu mke wake akijua hatamtilia tena sukari kwenye chai. Alifariki tarehe 14, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta viti kabla hatujaomba, na mafundi wenzake waliofunga maduka leo.

Shemeji, nisamehe ile miezi kumi na mitatu. Kaka, pumzika kwa amani, nimeshamwambia.