Mikono Haina Masikio

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni kelele kidogo. Watoto, sogeeni karibu na redio, na aliye na kitu mdomoni amalize kutafuna. Leo tunamkumbuka mzee aliyetutoka juzi asubuhi, nyumbani kwa dada yake. Nchi nzima ilimwita Dobi. Na alikuwa dobi kweli, alifua na kupiga pasi nguo za watu. Ndiye aliyetuongoza mpaka tukapata uhuru, bila kumpiga mtu. Narudia, wajukuu zangu: bila kumpiga mtu hata kofi.

Uhuru ni nini? Zamani tulitawaliwa na watu waliotoka mbali. Wao ndio walioamua nani asome, nani alime wapi, nani apite njia ipi. Ukiuliza sababu, unafungwa. Dobi aliwafulia mashati. Alikuwa na chumba kimoja, meza ndefu, pasi ya mkaa, na kamba kutoka ukuta hadi ukuta. Ukiingia ulipita umeinama, mashati yakikudondoshea maji shingoni.

Alikuwa akisema, "Wakitupiga nasi tukawapiga, wataiambia dunia kuwa ni ugomvi. Wakitupiga nasi tumekaa, wataiambia nini?"

Basi kila jioni, kazi ikiisha, meza ilisukumwa pembeni na majirani wakaingia kujifunza. Kujifunza nini? Kutukanwa. Kusukumwa. Kukaa chini mikono magotini, bila kurudisha. Dada yake, ambaye leo ni bibi kama mimi, ndiye aliyejifanya askari. Alishika mwiko wa jikoni badala ya kirungu.

"Nyie wafua soksi," aliwaambia, "ndio mnataka nchi? Na wewe mwenye pua, kibali cha hiyo pua kiko wapi?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kisha mwiko ulishuka, na hakuna aliyeruhusiwa kuinua mkono. Hata kujikinga. Shikeni hapo, watoto: hata kujikinga. Dobi aliogopa kwamba askari akiona mkono umepanda, atasema mtu huyo alitaka kumpiga.

Aliyeshindwa kila siku ni mdogo wao, kitindamimba wa mama yao. Walimwita Kicheko. Yeye ndiye aliyepeleka nguo kwa wateja, furushi kichwani, akipiga mluzi. Mwiko ukishuka tu, mikono yake imeshafika juu.

"Kicheko, mikono chini."

"Nimeiambia, kaka. Mikono haina masikio."

"Ifundishe."

"Hii si mikono, ni mbwa wa jirani. Usipomwita ndipo anapokuja."

Dada mtu ameniambia hivi: "Nilimrudia Kicheko mara nyingi kuliko wote. Nilisema mchelea mwana kulia, hulia mwenyewe. Siku moja mwiko ulishuka mpaka ukagusa nywele, na mikono ikabaki magotini. Tulimpigia makofi. Kaka alimkumbatia."

Haikupita wiki, wakaenda kuketi mbele ya lango la ofisi ya mtawala, kudai nchi yao. Askari wakatoka na virungu. Baadhi ya watu walikimbia. Kicheko hakukimbia. Mikono yake ilikaa magotini, kama alivyofundishwa. Alipigwa kichwani, kichwa kile kile cha kubebea mafurushi. Hakuamka tena.

Kesho yake nje ya nyumba yao palijaa watu. Huyu ana jiwe, yule ana nondo, mwingine amekuja na shoka la kupasulia kuni. "Sema neno moja tu, Dobi," walimwambia. Wajukuu zangu, lilikuwa neno moja kweli. Angelisema, mji ungeungua.

Dobi alitoka, macho yamevimba. Akasema, "Hatupigi."

"Damu ya ndugu yako haijakauka," mtu akamjibu, "na wewe bado unatuletea sabuni?"

Hapo mama yao akatoka. Watu wakampisha, wakidhani amekuja kuomba kisasi. Alisimama mbele ya mwanawe.

"Sitaki umpige mtu," alisema. "Sikukulea hivyo. Nina swali moja. Mtoto mchanga ukimpungia mkono usoni, hujikinga. Hata usingizini hujikinga, na hakuna aliyemfundisha. Wewe ulimfundisha mwanangu asijikinge. Somo hilo ulilitoa wapi?"

Dobi alikaa kizingitini, kichwa chini. Alipoinuka, sauti ilikuwa kama ya mtu mwingine.

"Hatupigi," alisema. "Lakini niliwafundisha vibaya. Kila mtu afunike kichwa chake. Anayeweza, afunike na cha mwenzake."

Mawe yaliwekwa chini, moja baada ya jingine, yakawa lundo kando ya ukuta. Wakarudi langoni. Siku hiyo wengi walivunjika mikono. Hakuna aliyekufa. Wakarudi tena, na tena, miaka, mpaka watawala wakachoka wakaondoka.

Mngependa niwaambie kuwa mama alisamehe. Hakusamehe. Tangu siku ile hakumwita tena mwanangu. Alimwita Dobi, kama wateja. Dobi, chakula tayari. Dobi, mvua hiyo, anua nguo.

Dada anakumbuka: "Siku ya uhuru watu walimbeba mabegani mpaka nyumbani. Mama alifungua mlango, akamtazama, akasema, 'Dobi, futa miguu.' Akafuta."

Na mama alipokuwa anakata roho, Dobi alipiga magoti kando ya kitanda. "Mama," alisema, "niite."

"Nimejaribu, Dobi," mama akamjibu. "Mdomo unakataa."

Wasikilizaji wapendwa, nchi ilipata bendera, barabara kubwa ikapewa jina lake, na yeye aliendelea kupiga pasi. Hakupiga mtu maisha yake yote. Na maisha yake yote alilala kiubavu, mikono ameibana katikati ya mapaja, kama mtu aliyeificha.

Isipokuwa juzi. Dada yake ameniambia: "Nilimpelekea chai, nikamkuta ameshaondoka. Mikono yote miwili ilikuwa juu ya kichwa, viwiko vimekutana usoni. Nikasema nimnyooshe. Nikashindwa. Nikakaa chini na kikombe changu."

Dada yetu, uliyebaki peke yako katika nyumba ile, pole. Pole ya Kicheko, ambayo wengi hatukukupa wakati ule kwa sababu tulikuwa tunashangilia. Na pole ya kaka yako.

Nanyi watoto, kabla hamjazima redio, mmoja ampungie mwenzake mkono usoni, ghafla. Tazameni mikono yake inavyopanda yenyewe. Msiicheke, wala msiikemee. Kisha fikirini nchi hii ilinunuliwa kwa bei gani.