Kumuaga Meneja Aliyepokea Simu

Mheshimiwa Meya, Bwana Lindqvist, mmiliki wa timu yetu, Mchungaji, uliyetuazima ukumbi huu wa kanisa, ndugu mashabiki wa timu yetu ya Korongo, na wewe Mama Irena, mke wa huyu tunayemuaga: nawasalimu nyote. Nimeombwa niseme maneno ya furaha. Nimeyatafuta tangu asubuhi, sijayapata.

Bwana Lindqvist ametuambia kwamba Meneja Stan Kowalczyk ameshindwa mechi nyingi kuliko alizoshinda, kwa hiyo aende. Sawa. Lakini alishindwa akiwa na nani? Timu yetu ya besiboli ni ndogo, inalea wachezaji wa klabu kubwa ya jijini. Mchezaji akiiva, simu inaita, naye anaondoka siku hiyo hiyo. Utamlaumuje mpishi kwa sufuria tupu, ilhali kila chakula kikiiva unakuja kukipakua mwenyewe?

Mimi, msaidizi wake, nilikuwepo asubuhi ya fainali, na Ramón, mrusha mpira wetu hodari, alikuwa ameshaiva. Mnaujua ujanja wa mameneja wa ligi hii: siku ya mechi kubwa wanachomoa waya wa simu, jijini wapige mpaka wachoke. Nikamwambia, "Stan, chomoa huo waya bwana! Ramón akirusha mpira leo, kombe letu."

"Roy, huyu kijana kaingojea simu hii tangu utotoni. Wakimkosa leo, wanamwita mwingine. Mama yake utamwambia nini?"

Ikaita. Akapokea. Akambebea Ramón begi mpaka stendi ya basi, kama alivyowabebea wenzake wote waliomtangulia. Jioni tukachapwa vibaya, na baadhi yenu mlio humu mkapiga kelele, "We babu, nenda kalale!" Nilizitambua sauti zenu. Stan naye alizitambua, na leo pale mlangoni amewapa mkono.

Ndugu zangu, inaniuma. Mtu aliyewapeleka vijana wa watu jijini mmoja baada ya mwingine anaondoka na keki na saa ya ukutani, na sisi tunapiga makofi.

Jana Bwana Lindqvist alinipa kiti cha Stan. Nimekubali, nina familia. Ila nasema mbele ya watu wote hawa: simu ikiita asubuhi ya fainali, nitapokea. Kwa hiyo, Bwana Lindqvist, duka lililokuuzia saa hiyo usilisahau. Agiza kabisa na ya kwangu.

Stan, asante. Nanyi nyote, asanteni kwa kunivumilia.