Chandarua cha Mgeni Nilikianikia Dagaa

Ndugu zangu, Bwana asifiwe sana, hata na mimi ninayesimama hapa sijui niuweke wapi uso wangu.

Mnanijua, Mama Kulwa wa Nkome, muuza dagaa. Wageni wa kanisa hufikia kwangu kwa sababu nina chumba cha ziada na Kiingereza cha kuombea maji. Kabla dada Ingrid hajaja kutoka Uswidi, aliniuliza kwa simu kama malaria ipo, na kama aje na dawa za kinga. Nikamjibu kwamba kiangazi mbu hakuna, na malaria yenyewe ni kama mafua tu. Niliona haya kwetu kuonekana mahali pa magonjwa. Na chandarua chake, Mungu anisamehe, nilikuwa nimekitandika chini nianikie dagaa. Sisi watu wazima huku tunaumwa, tunameza dawa, kesho tuko mwaloni, mitumbwi inakoshusha dagaa. Sikufikiri kwamba mwili wa mgeni haujaizoea malaria.

Tuliimba naye, akarudi kwao salama. Baadaye akaniandikia: "Mama Kulwa, nina homa kali. Daktari anasema ni mafua ya baridi. Niombee."

Ndugu zangu, nilijua. Lakini kutaja malaria kulikuwa ni kukiri kwamba nilimdanganya. Basi nikajifanya mtu wa maombi. Nikapiga magoti, nikamwomba Mungu amponye bila mimi kusema kitu. Naona aibu hata kulitamka hilo. Kila nikifumba macho nilisikia moyoni: inuka, piga simu.

Nikapiga. Akapokea mumewe, akasema mkewe anaongea maneno yasiyoeleweka.

"Shemeji, mrudishe hospitali sasa hivi," nikamwambia. "Waambie ametoka Nkome, ziwani, alilala bila chandarua. Wampime malaria. Mimi ndiye niliyemdanganya."

Walimpima, wakaikuta. Alikuwa mahututi, na Bwana akamrudisha.

Alipopata nguvu akanipigia. Nilingoja anikaripie. Akaniuliza tu, "Mama Kulwa, dada mwingine wa kanisa letu anakuja kwenu. Nimwambieje?"

Nililia, ndugu zangu. Nikamwambia malaria ipo, masika na kiangazi. Amwone daktari kabla ya safari, aje na dawa, na akirudi akashikwa na homa, aseme alikotoka.

Namshukuru Yesu aliyenifungua kinywa. Nawe unayeficha jambo kwa kuogopa watu, mwamini yeye, useme leo. Mimi nimeaibika hadi ng'ambo, na Ingrid yu hai.