Sindano ya Pili

BINTI: Haloo? Nani mwenzangu?

MAMA: Mamako, nani mwingine! Shikamoo yangu umeifungia wapi?

BINTI: Shikamoo Mama. Samahani, nimejaa unga mpaka viwikoni, simu nimeibana kwa bega. Sema kwa sauti, hizi oveni zinanguruma.

MAMA: Marahaba. Huyu paka wako Bosi atanitia wazimu. Chakula hataki. Sindano yake nimemchoma vizuri tu, sasa anayumba kama mlevi.

BINTI: Umemchoma? Saa hizi?

MAMA: Paka mwenye kisukari si anachomwa? Daktari wenu si ndiye aliyesema—

BINTI: Asubuhi na jioni! Asubuhi na jioni tu, Mama!

MAMA: Ndiyo hiyo ya asubuhi.

BINTI: Ya asubuhi ulimchoma tukiwa kwenye simu. Nilimsikia akilia.

MAMA: Hiyo jana.

BINTI: Leo.

MAMA: Wewe usinibishie! [mkwaruzo] —nimelea watoto wanne, nishindwe na—

BINTI: Haloo? Unakatika. Fungua kopo la sindano zilizotumika. Asubuhi, kabla ya kumchoma, uliniambia umelimwaga. Zimo ngapi?

MAMA: [mlio wa kopo likifunguliwa]

BINTI: Mama?

MAMA: Anatetemeka, mwanangu. Amelala ubavu.

BINTI: Sukari imeshuka. Chukua asali, mpake kwenye fizi. Haraka!

MAMA: Nimpake nani?

BINTI: Paka! Mpake paka!

MAMA: Usinifokee! Asali... asali niliiweka...

BINTI: Kabati la juu, nyuma ya majani ya chai.

MAMA: Haipo.

BINTI: Basi koroga sukari na maji kidogo—

MAMA: Ngoja. Hii hapa kwenye friji. Nani kaweka asali kwenye friji?

BINTI: Sijui, Mama. Mpake. Kwa kidole, pembeni mwa mdomo. Usimmiminie, atapaliwa.

MAMA: Bosi. Bosi, baba. Ramba basi... Macho kayakodoa tu.

BINTI: Endelea kumpaka.

MAMA: Naendelea! Unadhani nafanya nini, nacheza?

BINTI: [mbali na simu] Itoe wewe hiyo mikate, mimi siwezi sasa hivi! ... Mama? Vipi?

MAMA: Mshenzi, kaning'ata!

BINTI: Afadhali!

MAMA: Afadhali? Damu inanitoka, wewe unasema afadhali?

BINTI: Ana nguvu. Anameza?

MAMA: Anaramba. Kainua kichwa. Ananitazama kama nimemwibia.

BINTI: [anashusha pumzi] Mwekee chakula mbele yake. Jirani yako Mama Pacha namwambia sasa hivi ampeleke Bosi kwa daktari. Na sindano usiguse tena.

MAMA: Leo?

BINTI: Leo... na siku nyingine. Mama Pacha atakuwa anakuja kumchoma.

MAMA: Yule? Hata uzi kwenye tundu la sindano hawezi kuupitisha! Mtaa huu mzima maharusi nimewashonea mimi, kwa mkono huu huu, leo—

BINTI: Mkono hauna tatizo, Mama.

MAMA: Nini kina tatizo?

BINTI: Bosi anakula?

MAMA: Sema. Nini kina tatizo?

BINTI: Mama, tafadhali. Wewe utamshika, yeye atachoma. Bosi hakubali kushikwa na mtu mwingine.

MAMA: Usinibembeleze kama mtoto.

BINTI: Sikubembelezi.

MAMA: Zimo mbili.

BINTI: Nini?

MAMA: Kwenye kopo. Zimo mbili.

BINTI: Najua, Mama.

MAMA: Huyo Mama Pacha mpigie wewe. Mimi siwezi kumwambia.

BINTI: Nimwambieje?

MAMA: Mwambie macho. Macho yananisumbua, sioni vile vistari vya sindano.

BINTI: Haya. Nitamwambia ni macho.

MAMA: Na kaka zako pia. Ni macho tu, umesikia? [mlio wa salio] Simu inalia, vocha inakwi—

BINTI: Nimesikia. Nakuja jioni, Mama, usitoke, nitakuja nilale huko— Mama? Haloo? ... Haloo?