Mpira Mweusi wa Anyitike

Gari lilipotoka Kyela mjini kwenda Kasumulu, wanaume wawili mbele ya Asifiwe walikuwa wanabishana ni nani mcheza pool bora kuwahi kutokea wilayani. "Ni Ahmada," alisema mwenye kofia. Mwenzake akakataa: "Anyitike wa Ipyana hakuwa na mpinzani." "Anyitike yupi? Kwenye fainali alibakiza mpira mweusi tu, uko mdomoni mwa shimo, akaweka fimbo chini akakimbia. Mwoga yule!"

Asifiwe alivumilia, mwisho akashindwa. "Hakukimbia, kaka zangu," alisema taratibu. "Ni mume wangu. Alipigiwa simu kwamba nimejifungua, na mtoto hafiki jioni. Alimkuta hai, akampakata, akampa jina la baba yake. Mtoto alifia mikononi mwake."

"Pole sana, mama. Hatukujua," alisema mwenye kofia. Mwenzake akanong'ona, "Basi bingwa ni yeye." "Namheshimu, lakini kombe alichukua Ahmada," alijibu mwenye kofia.

Asifiwe hakuudhika. Tangu mazishi hakuwa amelisema jambo lile mbele za watu, na sasa kifua kilikuwa chepesi. Gari liliposimama Kasumulu, wale wawili walishuka wakiendelea kubishana, ila kwa sauti ya watu walio msibani.